Mbuzi Watatu Walikuwa Tayari, Mimi Bado Nachagua Gari

Nilimkosea mwanamke aliyenipenda, na sasa hayupo nimwombe msamaha. Naandika hapa kwa watu nisiowajua kwa sababu wanaonijua wamechoka kunisikiliza. Usinihurumie mapema. Soma kwanza.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa Kilungu. Nina duka la hadiwea, la vifaa vya ujenzi, pale Malili, kando ya barabara kuu. Mwanamke ninayemsema nitamwita Syombua, ingawa si jina lake. Kwao ni Matinyani, kule Kitui. Alikuwa akifanya kazi katika duka la dawa za mifugo, mlango wa tatu kutoka kwangu. Tulizoeana, tukapendana, tukaanza kuishi pamoja, tukapata msichana wetu, Kanini. Miaka saba tuliitana mume na mke, na majirani walituita hivyo pia.

Lakini kwao sikuwahi kupeleka ntheo.

Kwa asiye Mkamba, ntheo ni mbuzi watatu. Watatu tu! Unawapeleka kwa kina msichana, mmoja anachinjwa, watu wanakula, na kuanzia siku hiyo huyo ni mke wako. Mahari yenyewe inaweza kufuata polepole hata miaka ishirini. Bila hao mbuzi, hata mkizaa timu nzima ya mpira, huyo bado ni msichana wa babake.

Na usidhani sikuwa na mbuzi. Walikuwa Kilungu, kwa mama yangu. Aliwachagua mwenyewe, wazima, hakuna mwenye kilema. Kila mwezi alikuwa akinipigia simu.

"Wewe, unangoja nini? Huyu jike amezaa mara mbili hapa kwangu. Ama unataka wajukuu wake ndio waende?"

Mimi nacheka tu. Namwambia, mama, tulia, mambo yanapangwa.

Shida ilikuwa kichwa changu. Mwaka mmoja tulienda Matinyani kumzika nyanyake Syombua. Tulishuka kwa bodaboda, mimi nimejaa vumbi mpaka kope. Mume wa dada yake alikuja kutoka Nairobi na gari kubwa, watoto wakalizunguka, wazee wakamtolea kiti. Halafu nikasikia kaka mmoja wa Syombua akisema kwa Kikamba, huku akicheka, kwamba huyu wa Malili ametuletea vumbi. Ni mzaha tu! Nina hakika alisahau kabla ya chakula kuiva. Mimi sikusahau. Niliapa nitakapopeleka ntheo nitaingia pale na gari litakalowafunga midomo.

Basi duka likakua, nikauza ploti niliyokuwa nayo, na nikaanza kutafuta. Sikutaka gari la kawaida. Nilitaka gari la spoti, yale ya mabwana wakubwa, hata kama limetumika. Dalali wa yadi moja ya magari Nairobi akanionyesha mawili. La kwanza lilikuwa jekundu, la Kijapani, milango miwili, viti viwili, limelala chini kabisa. La pili lilikuwa jeusi, la Kijerumani, viti vinne vya ngozi, na paa unabonyeza kidude linajikunja lenyewe. Woi! Niliyapenda yote mawili kama mtoto dukani.

Tarehe ya ntheo ilikuwa imeshapangwa, Jumamosi moja ya mwezi wa nne. Wamama wa kanisa la kwao walikuwa wamegawana sufuria, nani atapika nini. Ilipobaki wiki moja nilimwambia Syombua tusogeze mbele kidogo, sijaamua gari.

Alikuwa akichambua maharagwe. Akanitazama.

"Gari linahusiana aje na ntheo, Baba Kanini?"

"Nataka niende kama mtu."

"Kwani saa hii wewe ni nini?"

Akachukua simu, akatoka nje kumpigia mamake. Nilimsikia akinitetea. Alisema duka lina kazi nyingi. Alidanganya kwa ajili yangu, yule mwanamke ambaye hata kwa bei ya nyanya alikuwa hawezi kudanganya.

Kila Jumamosi nilikuwa kwenye hiyo yadi. Nakaa ndani ya jeusi, natoka, nakaa ndani ya jekundu. Nilimchukua fundi ninayemwamini akayakague. Akalala chini, akachungulia, akatoka akipangusa mikono.

"Hili jeusi mita imerudishwa nyuma," akaniambia. "Na likiharibika utauza duka. Hili jekundu injini iko safi, lakini utakuwa unasujudia kila tuta."

Mtu mwenye akili angeacha yote mawili aende nyumbani. Mimi nilirudi kuangalia video. Nikilala naota milio ya injini. Tarehe ya pili ikapita hivyo hivyo, na Syombua akapiga simu nyingine ya uongo.

Siku moja nilimwonyesha picha zote mbili kwa simu, nikamuuliza angechagua gani.

"Lile litakalobeba mbuzi," akasema.

Nilicheka! Niliwasimulia mpaka wateja dukani, tukacheka wote. Nilidhani ni utani. Leo nikikumbuka uso wake, naona hakuwa akicheka hata kidogo.

Nikanunua jekundu. Malili nzima ilitoka nje. Watu walipiga picha wakiegemea, na mimi nimesimama pembeni na funguo kidoleni, nimefura kwa fahari. Kanini akauliza yeye atakaa wapi. Nikamwambia atapakatwa na mamake. Tarehe ya tatu ikapangwa, mwezi wa nane.

Wiki mbili kabla, nikaona heri nijaribu barabara peke yangu. Lami ilikuwa tamu kupita Machakos mpaka karibu na Matinyani. Nilipoingia moramu, barabara ya udongo na mawe, sikufika hata nusu kilomita. Gari lilikwaruza, likapanda jiwe, bampa ya mbele ikang'oka upande mmoja. Mama mmoja aliyekuwa na jembe akanisaidia kuifunga kwa kamba ya katani. Akaniuliza naenda kwa nani. Niliona aibu kutaja jina, nikageuza gari na bampa yangu imefungwa kamba.

Nilipofika nyumbani nikamwambia Syombua tungoje. Bampa imeagizwa, itachukua kama mwezi.

Siku hiyo alilia. Hakupiga kelele. Alikaa kitandani akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Baba Kanini, twende na boda. Ile pikapu yako ya saruji itabeba mbuzi. Baba yangu hataangalia tumekuja na nini. Nikienda kanisani wamama wa ndoa wakiitwa mbele, mimi nabaki kwa benchi na wasichana wadogo. Miaka saba nabaki kwa benchi!"

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia ananiharakisha kama mtu anayenidai deni. Nilimwambia ndugu zake ndio walianza. Nikatoka nikaenda kulipangusa gari.

Bampa ilifika siku ya Jumatano. Nililipeleka gari gereji Nairobi asubuhi. Kama saa sita, likiwa limeinuliwa juu kwa jeki, jirani yangu akanipigia. Syombua alikuwa amelalamika kichwa kinamuuma, akaanguka pale dukani kwao. Wamemweka kwa pikapu yangu ya saruji, wanakimbia hospitali. Sikuweza kutoka nalo, magurudumu yalikuwa yamefunguliwa, yako sakafuni. Nilipopata lifti na kufika, jirani alikuwa amekaa nje ya wodi, ameinamisha kichwa. Daktari alisema ni mshipa wa damu uliopasuka kichwani. Hakuwahi kuamka.

Nililia mpaka nikakosa sauti. Lakini sikujua kwamba kuna kulia kwingine kunakuja.

Ndugu zangu Kilungu walishaanza kusafisha mahali pa kaburi, chini ya miparachichi ya mama. Babake Syombua akaja huko kwa mama na wazee wawili. Ni mzee mpole, hakupaza sauti. Alikunywa chai yote kwanza, akaweka kikombe chini.

"Kijana, mimi nina swali moja tu. Ntheo iko wapi?"

Nikasema mbuzi wapo, baba. Wako pale nyuma, wamefungwa. Tuwachukue hata sasa hivi. Mjomba wangu akaongeza kwamba tuko tayari kutoa hata kumi.

Mzee akatikisa kichwa.

"Sitaki kumi. Ntheo ikifika, msichana huitwa mbele ya watu. Anaulizwa, hawa mbuzi tuwale ama tuwarudishe? Akisema tuwale, ndio tunakula." Akatazama kule mbuzi walikofungwa. "Sasa wewe niambie, nitamuuliza nani?"

Mama yangu aliweka leso usoni. Mzee akasimama, akasema, "Nimekuja kuchukua mtoto wangu nimpeleke nyumbani." Na alikuwa na haki, kwa hiyo sikumpinga.

Syombua alizikwa Matinyani. Nilipanda boda kutoka sokoni, kama ile mara ya kwanza. Kwenye karatasi ya ibada waliandika ni binti wa nani, dada wa nani, mama wa Kanini. Niliisoma mbele na nyuma. Jina langu halikuwa popote. Dada mmoja mwenye utepe begani, aliyekuwa akipanga watu viti, akanijia kwa heshima.

"Pole, kaka. Wewe ni nani wa marehemu?"

Ee Mungu! Nilifungua mdomo. Nikatafuta neno. Nikasema, "Nimetoka Malili." Akanionyesha hema la wageni, nikaenda nikakaa na wageni. Mchanga wa kaburini niliutupa baada ya wanawake wa chama chake cha akiba.

Kanini alibaki Matinyani na nyanyake. Wazee wanaongea, pengine siku moja nitaruhusiwa kumchukua. Kwa sasa naenda kumwona Jumapili kwa Jumapili, nabisha lango, nangoja nikaribishwe. Mara ya mwisho aliniuliza kwa nini silali huko. Nikamwambia kitanda hakinitoshi. Anasema atamwomba babu amtengenezee baba kitanda kirefu.

Wale shemeji zangu niliotaka kuwafunga midomo wananisalimia vizuri. Yule wa mzaha ndiye hunitafutia boda ya kurudi. Hilo linaniuma kuliko kama wangenitukana.

Ndugu yangu unayesoma hii, najua uko. Una mwanamke nyumbani, anakupikia, anakuzalia, anadanganya kwao kwa ajili yako. Unangoja nyumba iishe, au gari lije, au upandishwe cheo ndio uende kwao. Anayengoja kule ni baba na mama wanaotaka kujua mtoto wao yuko na nani, basi! Nenda hata na viatu vya vumbi. Na wewe dada, ukiambiwa "ngoja kidogo" mara ya tatu, usipige simu ya uongo. Waambie kwenu ukweli, waje wamuulize wenyewe.

Mwezi uliopita kanisani Malili mchungaji alisema kuna watu wanaopitia maumivu kimya kimya. Akaomba waliofiwa na mume au mke wasimame waombewe. Mikono yangu ilishashika benchi la mbele, nilishainuka nusu. Nikakumbuka kwamba sikuwahi kuoa. Mama aliyekaa kando yangu alikuwa akinitazama, nikajifanya nimeangusha Biblia.

Nikakaa chini. Ndugu yangu, usije ukakaa chini namna ile. Peleka mbuzi kwao wiki hii.