Uteo Juu ya Ziwa

Nilisoma jiografia hadi kidato cha nne, na mke wangu nimemkumbusha jambo hilo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Tulipohama shamba letu la Bukhayo kuja Sio Port, kando ya ziwa, yeye alianza kuanika omena, wale dagaa wadogo, nami nikajipa kazi ya kuangalia mawingu.

Siku moja alikuwa ametandaza omena tele juu ya nyavu kuukuu mchangani. Mama mmoja wa Malaba, mteja wake wa miaka mingi, angekuja jioni kuichukua. Alimwamini mke wangu kwa sababu omena yake haikuwahi kunyeshewa. Ikishanyeshewa, ni ya kuku tu.

Saa sita mchana binti yetu, mwalimu anayeishi Burumba, alituma picha ya setilaiti, kisha akapiga simu.

"Baba, umeona hilo duara? Ziwa liko wazi katikati, mawingu yamelizunguka kama ukingo wa uteo wa kupepetea."

"Si ndiyo nasema? Ziwa liko wazi."

"Lakini sisi ndio tuko ukingoni! Na upande wetu umenenepa. Mwambie mama aanue."

Nilicheka. Nikamwambia aliyepiga picha hiyo yuko mbali sana, mimi niko hapa hapa na macho yangu.

"Mzee, nianue?" mke wangu akauliza.

"Wacha ikauke."

Kule Bukhayo tulizoea kusema mvua inatoka ziwani. Basi nilikaa nikilitazama ziwa, halina hata kipande cha wingu, nikaridhika. Sikugeuza shingo. Wingu lilikuwa mgongoni kwangu, juu ya mashamba niliyoyaacha.

Lilitukuta saa tisa. Tulikimbia na makarai, hatukuokoa hata robo.

Mama wa Malaba alipofika, alichuchumaa, akafinya omena kidogo, akainusa. "Dada, hii si ya watu." Mke wangu angeweza kunitaja. Hakunitaja. Nami, badala ya kusema ni mimi niliyemzuia, nikajifanya nakung'uta nyavu. Mvua haikuniaibisha kama zile nyavu. Yule mama akaenda kununua kwa jirani, na akaendelea kununua huko.

Ilinichukua miezi miwili kupanda gari kwenda Malaba. Nilimkuta sokoni, nikamweleza yote, hata habari ya duara.

"Kwa hivyo omena ilikuwa sawa," akasema, "shida ni shingo ya mzee?"

"Ni shingo, mama."

Alicheka mpaka majirani wa meza wakauliza kuna nini, naye akawaeleza. Nilisimama nikasikiliza hadi mwisho, nilistahili.

Wiki iliyofuata alirudi. Hadi leo, kabla hajagusa omena, humuuliza mke wangu, "Leo mawingu yameangaliwa na nani?"

"Na mwalimu."

"Basi nipimie."

Mimi hushika karai.