Ermes Medici, Aliyeogopa Damu

Ermes Medici alikuwa mwoga wa damu. Naanza na hilo kwa sababu sisi majirani zake, huku milimani juu ya Modena, Italia, tulilijua kabla ya kujua lolote jingine juu yake. Alikuwa mtengeneza jibini, mrefu, mikono imekuwa myekundu kwa maji ya moto na chumvi. Akijikata na kisu, mwenzake ndiye aliyemfunga kitambaa, yeye akiwa ameangalia dari.

Na katika lugha yetu Medici maana yake ni madaktari.

Majina mengi ya kwetu yalitoka kazini. Ferrari ni wa ukoo wa mhunzi, Sartori wa mshonaji, Barbieri wa kinyozi. Zamani watu walikuwa na jina moja tu, na kijiji kimoja kingeweza kuwa na kina Giovanni hata kumi. Ikabidi waseme Giovanni wa mhunzi, Giovanni wa tabibu. Wana wakalirithi neno hilo, wajukuu wakalirithi, hata pale ambapo tabibu mwenyewe alishasahaulika na ukoo wote unachunga ng'ombe. Wageni wakisikia Medici huwafikiria wale mabwana waliotawala mji wa Firenze zamani na majumba yao. Huku kwetu Medici ni dereva wa basi, ni muuza mbao, ni yule mama wa duka la nyuzi. Makaburini, ambako kwetu wafu huzikwa ndani ya kuta, wamejaa ukuta mzima.

Lakini Ermes jina lilimkaa vibaya. Shuleni walimtolea ulimi nje: "Daktari, nitazame koo!" Jeshini, mkubwa mmoja alilisoma jina akacheka, akampeleka kwenye zahanati ya kambi. Siku ya kwanza tu alimwangukia askari aliyekuja kufungwa kidonda, na wakalazwa wote wawili. Kisha mama yake akaugua mapafu wakati wa baridi, na daktari wa bondeni akachelewa kufika. "Nyumba imejaa kina Medici," mama alisema, akitabasamu kitandani, "na hakuna hata mmoja wa kunipa dawa." Alisema kwa mzaha. Ermes hakucheka, na baada ya mazishi akawa mtu wa wasiwasi. Alikuwa akiamka kuhakikisha gesi imefungwa. Ukikohoa mbele yake mara mbili, anakuuliza umelala vipi.

Mimi ni Zelinda, nyumba yangu inatazamana na yake. Januari ya mwaka themanini na tano theluji ilianguka mpaka ikafikia madirisha. Alasiri moja nilikwenda kwake kumrudishia sufuria, nikamkuta anazunguka jikoni.

"Unadhani paa litastahimili, Zelinda?"

"Limestahimili tangu babu yako. Kaa chini."

Hakukaa. Kengele ya mlango ikalia, si mara moja, ikalia mfululizo kama mtu ameegemea kitufe. Mlangoni alikuwa kijana asiye na kofia, theluji mpaka magotini.

"Daktari! Mungu asifiwe, nimeona kibao chenu cha Medici mlangoni. Mke wangu yuko garini, chupa ya uzazi imepasuka, gari limeserereka mtaroni!"

Ermes alifungua mdomo. Nilimwona akitaka kusema, nami nilitaka kusema, lakini kijana alishageuka anakimbia. Tukamfuata. Msichana yule, Loredana, alikuwa ameshika mlango wa gari kwa mikono miwili, midomo imekauka. Tulimbeba mpaka jikoni, tukamlaza kwenye godoro karibu na jiko la kuni.

"Wewe ndiye daktari?" akauliza, macho kayafumba kwa uchungu.

Ermes alinitazama mimi. Uso wake ulikuwa mweupe kuliko ukuta.

"Tulia, signora," akasema. "Kila kitu kinaendelea vizuri."

Na kweli yule binti akatulia. Mabega yalishuka, pumzi ikarudi. Ndipo nilipoogopa sasa, kwa sababu nilijua ametulia juu ya kitu ambacho hakipo.

Mumewe, Fausto, nilimtuma akalitafute gari la kusukuma theluji, lililokuwa likifanya kazi huko chini kanisani. Ermes akapiga simu hospitali ya mjini. Walimpa mkunga, mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza, na simu ikiwa ya ukutani Ermes akasimama ameligeuzia godoro mgongo, akirudia kila alichoambiwa.

"Apumue kama anapuliza mshumaa. Asisukume bado. Zelinda, taulo safi."

"Ndiyo, daktari," Loredana akajibu kutoka chini.

Kila alipoitwa hivyo nilimwona akipunguka. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Aliziba simu kwa kiganja akaninong'oneza: "Akifa? Mtoto akifa, Zelinda, na mimi nimekaa kimya?"

"Basi sema!"

"Nikisema sasa hivi atachanganyikiwa."

Hakuwahi kuamua mwenyewe. Mkunga alikuwa anauliza kitu, na sauti yake ilitoka kwenye simu mpaka nami nikaisikia: wewe ni nani hapo, una ujuzi gani? Ermes akafumba macho.

"Mimi si daktari, signora. Medici ni jina langu tu. Natengeneza jibini."

Kisha Loredana akapiga ukelele, nao haukuwa wa uchungu.

"Jibini? Jibini! Mwongo mkubwa wewe! Nitoeni hapa! Fausto!"

Akataka kuinuka. Nilimkamata mabega, naye akanipiga ngumi ya kifua, na katikati ya ugomvi ule kichwa cha mtoto kikatoka. Niliona kitovu kimezunguka shingo. Nilikuwa nimembana mama yake kwa mikono yote miwili, nikimwachia tu atajigonga ukingoni mwa jiko.

"Ermes, kitovu kiko shingoni!"

Akaurudia ujumbe kwenye simu, akasikiliza. "Anasema asisukume. Kidole kipite chini yake, kivutwe taratibu, kipitishwe juu ya kichwa."

"Mimi siwezi kumwachia!"

Waya wa simu ulikuwa mfupi. Aliiacha simu ikining'inia, akageuka. Damu ilikuwepo, nyingi, juu ya shuka na juu ya mapaja ya yule binti. Nilisubiri aanguke. Alipiga magoti, kinywa kikitetemeka kama mtoto anayejizuia kulia, akaingiza kidole. "Samahani, signora," alikuwa akisema, "samahani, samahani." Kitovu kikateleza. Loredana akasukuma, na mtoto akamwangukia mikononi, wa kike, rangi ya zabibu mbivu, bila sauti.

"Msugue mgongo!" mkunga alipiga kelele kutoka kwenye simu iliyoning'inia.

Akamsugua kwa taulo. Akamsugua tena. Mtoto akakohoa, akatoa mlio mdogo kama wa mlango uliokosa mafuta, kisha akalia. Ermes akaniwekea mtoto mapajani, akatoka nje, akatapika kwenye theluji.

Gari la kusukuma theluji lilifika likiwa limefungua njia ya gari la wagonjwa. Wakawachukua. Loredana alipita amefunikwa mablanketi, hakumtazama.

Usiku huo nyaya za simu zilikatika, na barabara ikaziba tena. Hapakuwa na habari. Ermes alikuja kwangu asubuhi, akaja mchana.

"Nilivuta kwa nguvu, Zelinda?"

"Ulivuta polepole."

"Shingo ya mtoto ni laini. Wewe uliiona ile rangi."

"Akaanza kulia, Ermes. Mtoto anayelia anapumua."

"Hata mama yangu alikuwa anapumua walipomchukua kwenda hospitali."

Kiwandani alichoma maziwa yote ya siku moja, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Mkate alikuwa anaumega tu na kuuacha mezani.

Barabara ilipofunguliwa, Fausto alirudi na fundi kulivuta gari lake mtaroni. Ermes alitoka bila koti. Nilivuka njia nyuma yake, maana sikutaka asikie peke yake.

"Shingo?" akauliza, kabla ya salamu.

"Shingo iko sawa. Ananyonya kama ndama."

Ermes akakaa pale pale kwenye theluji, suruali na yote.

"Mke wangu bado ana hasira nawe," Fausto akasema, akikwaruza barafu kwenye kioo. "Anasema ulimdanganya."

"Ana haki."

"Ndiyo, ana haki. Lakini anataka uje nyumbani kwetu Jumapili. Anasema alimtukana mtu ambaye hata uso wake haujui, ulikuwa umegeukia ukutani muda wote."

Jumapili Ermes alishuka mjini kwa basi, kavaa suti ya mazishi ya mama yake, na kipande cha jibini chini ya kwapa. Loredana hakumsamehe siku ile. Alimwacha asimame mlangoni kitambo, akamwangalia vizuri kuanzia viatu mpaka nywele, kisha akamwambia anawe mikono amshike mtoto.