Gari Lililomkataa Shangazi

Gari la mjomba lilikuwa linabeba kila mtu isipokuwa shangazi yangu.

Akipanda yeye, linazimika.

Akishuka, linawaka.

Najua unachowaza. Hata mimi niliwaza hivyo hivyo, na mtaa mzima uliniona nikiaibika.

Gari lenyewe ni lile kubwa la zamani la kupandia milima. Oili inavuja. Rejeta inachemka. Mguu wa mbele ukipita kwenye tuta unalia kama mtu anayeomba msamaha. Kioo cha nyuma kinashuka chenyewe, ila kupanda mpaka ukisukume kwa mikono. Mjomba analipenda kuliko baadhi yetu.

Shangazi ni dada wa baba. Wazazi wangu walipofariki, yeye ndiye aliyenichukua, akanilea kwa cherehani. Amezika waume wawili.

Hili la waume mjomba hakulisahau.

Mara ya kwanza ilikuwa tunakwenda kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu. Mjomba, kaka wa mama, ni mtu wa heshima zake. Alimfungulia shangazi mlango wa mbele, akamfungia, akazunguka, akashika usukani. Mimi nyuma.

Tuta la kwanza. Kimya.

Stata inazunguka, injini haishiki. Shangazi akashuka ili tusukume. Mjomba akarudi kuufunga ule mlango, akajaribu tena. Likawaka kama vile halijawahi kuzimika maishani mwake.

Shangazi akapanda, mjomba akamfungia.

Tuta la pili. Kimya.

Siku hiyo shangazi alifika kwa wakwe zangu kwa pikipiki, kilemba mkononi.

Gari tukalipeleka kwa fundi.

"Gari la zamani likizimika, ni moto au ni mafuta," akasema. "Ukisikia sababu ya tatu, ujue fundi ana njaa."

Akabadilisha plagi. Akabadilisha chujio la mafuta. Akasugua vichwa vya betri vilivyoota ukungu wa kijani. Gari likanguruma vizuri, hata paka wa gereji akahama.

Mjomba akampakia shangazi.

Tuta. Kimya.

Jioni hiyo, sebuleni, mjomba akakohoa kidogo.

"Mimi sisemi kitu. Lakini yule mama ana mkosi."

"Mjomba, hapo ndipo umesema."

"Waume wawili, kijana. Wawili! Sasa amehamia kwenye magari."

Shangazi alikuwa jikoni. Mlango ulikuwa wazi.

Harusi yangu ilikuwa Jumamosi. Jumatano nikamkuta kwenye cherehani, amelikunja lile gauni alilokuwa anajishonea. Halijakamilika.

"Mwanangu, mimi nitabaki nyumbani," akasema. "Nisije nikakuharibia."

Damu ikanichemka kuliko rejeta.

"Usipokwenda wewe, bwana harusi naye haendi. Wamuozeshe mjomba."

"Acha utoto."

"Utoto uko wapi? Kuna waya tu mahali, na nitaupata."

Shangazi ni mwanamke mwenye mwili, na mwenyewe anajivunia. Nikapiga hesabu zangu: chini ya kiti kuna waya, akikaa unabanwa. Kwisha habari. Nikamwita rafiki yangu Bonge.

"Unaniitia nini?"

"Ukae."

"Nikae tu?"

"Ukae kwa nguvu zako zote."

Bonge akauinua mlango kidogo, akaufunga taratibu, kama sote tulivyofundishwa. Bawaba zimelegea, na ukikosea mjomba anakupigia kelele. Nikaendesha mimi. Tukapita matuta yote ya mtaa, mengine mara mbili.

Gari likanguruma tu.

Majirani walikuwa wametoka nje. Mjomba yuko barazani, anatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyeshinda.

"Umeona? Bonge ukimgawa unapata shangazi yako na chenji. Uzito si hoja. Wewe mshairi baki na vina na mizani yako, magari waachie wenyewe."

Bonge akashuka bila kuaga.

Yaani nilitaka kumsafisha shangazi, nikaishia kuuthibitishia mtaa kwamba kweli ana mkosi.

Ijumaa mjomba akaenda kunyolewa. Nikachukua ufunguo.

"Shangazi, panda."

"Sipandi."

"Panda. Likizimika, kesho nakwenda harusini kwa miguu, na wewe mgongoni."

"Huniwezi wewe."

"Ndiyo maana nakuomba upande."

Akapanda. Akaufunga mlango taratibu. Akashika dashibodi kwa mikono miwili, kama anamtuliza mgonjwa.

Tuta la kwanza tukapita. La pili tukapita. Mbele ya shule kuna moja kubwa kama kaburi. Tukalipita.

Shangazi akanitazama.

"Rudia hilo kubwa."

Nikarudia.

"Tena."

Nikarudia tena. Walimu walikuwa wanatuchungulia dirishani. Shangazi alikuwa analia huku anacheka, nami nikajifanya naangalia kioo.

Tuliporudi, mjomba alikuwa getini na fundi, aliyekuja kulikagua gari kabla ya harusi.

"Halikuzimika," nikasema.

"Haiwezekani. Ashuke, apande tena mbele yangu."

Akamfungulia mlango kwa heshima zake. Akamfungia.

Bamm!

Kuku wa jirani wakatawanyika. Mjomba akashika usukani, mimi na fundi tukaingia nyuma.

Tuta la kwanza. Kimya.

Mjomba akageuka, meno yote nje.

Fundi hakucheka. "Mzee, huo mlango huwa unaufunga hivyo?"

"Ni mlango wangu. Wa kuambiwa taratibu ni nyinyi."

"Shuka uufunge tena."

Bamm! Fundi akapiga stata. Likawaka.

"Tena."

Bamm! Fundi akalitikisa gari kwa bega. Likazimika.

Akabandua plastiki ya pembeni, pale kwenye miguu ya shangazi. Ndani kulikuwa na waya wa pampu ya mafuta, na soketi yake imelegea kwa uzee. Ukibamiza mara ya kwanza, waya unalegea, na tuta likija unatoka. Ukibamiza mara ya pili, unarudi.

Duniani aliyekuwa akiubamiza ule mlango ni mtu mmoja tu. Na aliyekuwa akifungiwa mlango na mtu huyo, kwa heshima, alikuwa shangazi peke yake.

Shangazi akashuka polepole.

"Kwa hiyo, shemeji, mwenye mkosi ni nani?"

Mjomba akautazama mkono wake kana kwamba ameuazima.

Usiku ule cherehani ililia mpaka nikalala.

Jumamosi shangazi akakaa mbele, ndani ya gauni jipya. Fundi akaendesha. Mjomba akawekwa nyuma. Katikati ya safari mvuke ukafuka kwenye boneti. Rejeta.

Sote tukamgeukia mjomba. Mjomba akainua mikono yote miwili.

"Mimi sijagusa kitu!"

Ndugu msomaji, waume wa shangazi walikuwa wagonjwa. Gari nalo lilikuwa gonjwa. Kosa la shangazi ni kwamba kila mara alikuwa amekaa karibu. Ukitaka kumwita mtu mkosi, kwanza kumbuka mkono wako ulikuwa wapi.

Shangazi akashuka, akakunja mikono ya gauni, akamgeukia mjomba.

"Shemeji, lete dumu la maji. Na huo mlango uuache wazi."