Maji Ambayo Hayajafika

Fakhriya Abdulhadi alirudi Kariakoo mwezi wa kwanza, na dodoso la kurasa nne na futi kamba aliyoichukua dukani kwa baba yake, muuza vitambaa. Alikuwa akisomea shahada ya uzamili Uholanzi, katika sera za mazingira ya dunia. Huko darasani walibishana juu ya mikataba: nani ameumizwa na mabadiliko ya tabianchi, na kwa ushahidi gani. Bonde la Msimbazi, ambalo tangu utotoni alilifikia kwa miguu, hakuliona popote kwenye makabrasha yale. Akaamua kuandika tasnifu yake juu ya watu wa pale.

Aliyemtembeza ni Vitalis, mjumbe wa shina, mtu wa Masasi aliyekaa bondeni miaka thelathini. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bibi Hyasinta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Uliza tu, usiogope."

Walikwenda vizuri mpaka swali la saba: nionyeshe maji yalifika wapi. Ukutani palikuwa na alama tatu za tope za mafuriko ya nyuma, ya juu kabisa ikimfika Fakhriya kiunoni. Bibi akainuka, akazipita zote tatu, akabandika kiganja juu kabisa, mahali pasipo na doa lolote.

"Hapa."

"Mwaka gani huo, bibi?"

Bibi Hyasinta akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Sijui," alisema, akaushusha.

Fakhriya akapima: sentimita mia moja sitini na nane. Akadhani ni uzee. Lakini nyumba ya pili hali ikawa hiyohiyo, na ya tatu. Kila mtu aliinuka akagusa ukuta safi.

Nyumba ya kumi na mbili ilikuwa na mlango uliofungwa. "Humo anakaa Marcelino," Vitalis alisema. "Ni mlinzi, mchana analala. Tumgongee?"

Jua lilikuwa kali, na Fakhriya alikuwa na njaa. "Mwache alale, mjumbe. Sampuli imetosha."

Kesho yake adhuhuri, chumbani kwake juu ya duka, alivipanga vipimo. Havikulingana: vya nyumba za chini vilikuwa virefu, vya nyumba za juu vifupi. Akachukua ramani ya miinuko ya bonde, akajumlisha kimo cha ardhi na kimo cha kiganja, nyumba baada ya nyumba. Jibu lilikuwa moja. Watu kumi na mmoja, kila mmoja peke yake ndani ya kuta zake, walikuwa wamegusa mstari mmoja ulionyooka, kama unavyonyooka uso wa maji yaliyotulia.

Chini, wapiga debe walikuwa wakiita wateja. Yeye alikaa pale hadi chai ikapoa.

Alirudi bondeni, akamtafuta Anifa, mama mwenye mtoto mchanga, wa nyumba ya tano.

"Dada, mimi hapa nimehamia juzijuzi tu," Anifa alisema. "Mafuriko sijawahi kuyaona."

"Mbona ulinionyesha?"

"Ulipouliza, mkono ulikwenda wenyewe." Akamkumbatia mtoto. "Na ukuta ulikuwa wa baridi, dada. Hapo tu. Kwingine kote ulikuwa wa moto."

Msimamizi wa tasnifu yake alimsikiliza kwa video, kisha akasema swali la saba aliondoe. Utafiti hupima yaliyotokea. Fakhriya akaliondoa. Lakini hakutulia. Alimwonyesha Vitalis mchoro wa mstari ule, na mzee yule hakushangaa. "Mimi mwenyewe nimeanza kupandisha magunia darini," alisema, "wala sijui nani kaniambia." Wakapita nyumba zote kumi na moja wakionya. Bibi Hyasinta akahamia kwa binti yake, mtaa wa Gerezani, Anifa kwa shangazi yake. Wengine walihamisha watoto na vyeti.

Masika yaliingia kwa kishindo. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, mto ulivunja kingo. Ulipopungua, Fakhriya aliingia nyumbani kwa Bibi Hyasinta na futi kamba. Alama mpya ya tope: mia moja sitini na nane. Alipima nyumba zote; kila alama ilikuwa pale palipoguswa, na katika zote kumi na moja hakupotea mtu.

Marcelino walimkuta kitandani kwake. Alikuwa ametoka lindo alfajiri, akalala.

Msibani Fakhriya alikaa mkekani na wanawake. Dada wa marehemu, Sophia, akamsogelea. "Wewe ndiye uliyekuwa ukiandika watu kule bondeni?"

"Ndiyo, dada."

"Na kaka yangu ulimwandika?"

Angeweza kusema alikuta mlango umefungwa. Ulikuwa ukweli pia. "Hapana," alisema. "Mjumbe alitaka kugonga, mimi nikakataa. Na tulipopita kuwaonya wenzake, nilifuata orodha yangu, naye hakuwamo."

Sophia hakumtukana. Wala hakumsamehe. Akasogea kidogo mkekani, waombolezaji wengine wapate pa kukaa, na Fakhriya akabaki palepale mpaka sala ilipokwisha.

Tarehe yake ya kurudi Uholanzi ilipita, naye hakuondoka. Swali la saba alilirudisha kwenye tasnifu, pamoja na jina la Marcelino, akamwandikia msimamizi kwamba hataliondoa tena. Mvua zilikuwa bado hazijaisha, na ng'ambo ya mto kulikuwa na milango mingi ambayo hakuna aliyeigonga. Alianza na ule wa karibu na daraja.