Chuma Hakisitiriwi

Nakumbuka siku ile, mwanangu, kwa rangi yake. Tela lilitoka gereji asubuhi likiwa jekundu, linang'aa kama la kuchukulia bibi harusi, na sisi tulioshinda nalo kila siku tukalizunguka tukilisifu. Jioni nilikuwa nimelala korongoni, mguu wangu wa kulia uko chini ya mkono wa tela lile lile, na rangi ambayo haijakauka sawasawa imeniganda kwenye suruali.

Nilikuwa kijana, taniboi wa trekta, yaani msaidizi wa dereva. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo usitafute maneno ya vitabuni hapa, nakwambia niliyoyaona. Kazi yetu ilikuwa kuteremsha machungwa kutoka mashamba ya juu kule Muheza mpaka barabara ya lami, yanakopakiwa kwenye malori. Na njia yenyewe si njia. Ni mawe, mizizi na makorongo, na mvua ikinyesha ule udongo mwekundu unateleza kama bamia. Kule tela halivutwi tu, linapigwa. Kila shimo ni nyundo, na nyundo zote zinapokelewa na mkono, yaani yale mabomba mawili ya chuma yanayokutana mbele kushika trekta. Hapo juu ya mkono ndipo nilipokuwa nakaa, nikiimba.

Nawataja waliohusika. Tajiri alikuwa Bwana Seif wa Raskazone, mwenye mashamba na mwenye tela. Dereva alikuwa Mhando, aliyekuwa akijaza machungwa mpaka springi zinalala kabisa, akisema tela ni punda, hulalamika lakini hufika. Na fundi alikuwa Kibwana wa Ngamiani. Yeye aliuona ufa kwenye mkono, akaujaza puti, akausugua kwa msasa ukawa laini kama shavu la mtoto, kisha akapaka rangi. Jioni ile mkono ulikatikia pale pale, nami nikiwa juu yake. Watu wa hapa Nguvumali huniambia, "Mgosi, yamepita hayo, wasitiri wenzio." Nami huwajibu kwamba mguu haujapita, naamka nao kila alfajiri. Lakini sikukuita nikulilie. Vumilia kidogo tu. Mtu aliyekatwa huanza kwa kisu.

Nilipotoka hospitali nilirudi kwa shangazi yangu, Bi Mwanaidi, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Kazi yangu ikawa moja: kukaa barazani na magongo yangu, na kuwataja wale watatu kwa kila anayepita. Wanywa kahawa walinizoea. Wakiniona nimekaa vizuri, mmoja hupaza sauti, "Yakhe, sogeeni, redio ya Nguvumali imefunguliwa!" Wanacheka, nami natangaza. Nilimtukana Seif, nikamtukana Mhando, nikamtukana Kibwana na gereji yake na brashi yake. Ilikuwa tamu, mwanangu, nisikufiche. Hasira ni kama upele, ukiukuna unapata raha, na usiku hulali.

Sasa shangazi naye alikuwa mchumaji wa machungwa katika mashamba yale yale. Wao wanawake wakimaliza kuchuma hupanda juu ya tela, wakateremka nalo wamekaa juu ya magunia. Siku yangu ile Mungu aliwanusuru tu, walikuwa wamebaki shambani kumalizia matenga. Basi alasiri moja akarudi kutoka kazini, akasimama na kanga yake kiunoni, akanisikiliza nikitangaza mpaka nikapumzika kumeza mate.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Bado, shangazi. Bado Mhando."

"Hao wote umewataja vizuri, mpaka na baba zao. Na tela je, umelitaja?"

"Tela si mtu."

"Tela limeshaungwa. Liko kwa Kibwana, linapakwa rangi, na keshokutwa wanawake tunalipanda. Mwee, mwanangu! Una mdomo wa kumsema Kibwana mbele ya wanywa kahawa, huna mdomo wa kumwambia Kibwana mbele ya Kibwana?"

Nikamwambia kwa uchungu kwamba yule mtu amenivunja, siwezi kumwendea kwa magongo kama ombaomba. Akaniinamia, akashusha sauti.

"Mguu wako umeshavunjika. Nenda kwa ajili ya wangu."

Asubuhi nikapanda bajaji mpaka Ngamiani. Nikamkuta Kibwana uani kwake, tela liko juu ya magogo, nusu jekundu, nusu halijapakwa. Alipoiona sura yangu brashi ilisimama hewani. Nikamwamkia, maana adabu si haki ya aliyekukosea, ni heshima ya aliyekulea.

"Shikamoo, fundi."

"Mara... marahaba. Umekuja kunipiga, mgosi?"

"Kwa magongo haya? Ningeanguka mimi kwanza. Nimekuja kuuona ufa."

"Nimeuchomelea, na juu nimeusitiri. Hauonekani tena."

"Fundi, chuma hakisitiriwi. Anayesitiriwa ni mtu. Shangazi yangu atakaa juu ya kitu hicho."

Rangi ikawa inamdondokea kwenye ndara. Kisha, mwanangu, akafanya jambo lililoniuma kuliko tela. Akaikwangua rangi yote ya mkono, akapangusa chuma kwa mafuta ya taa, akakausha kwa tambara, akapaka unga wa chaki. Tukangoja. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yakaanza kutoka taratibu na kulowesha chaki, na mstari mweusi ukajichora wenyewe. Pale alipochomelea, ufa ulikuwa umeshapita mbele ya weldi. Na kwenye bomba la pili, ambalo hakuna aliyelidhania, palikuwa na ufa mwingine. Kwa hiyo alijua namna ya kuutafuta. Alijua siku zote! Ndilo lililoniuma.

Tukiwa hapo Bwana Seif akaingia, amekuja kuchukua tela lake. "Vipi tena? Mbona mmeharibu rangi?"

Nilifungua kinywa niwashe redio yangu, lakini Kibwana alinitangulia. "Bwana Seif, mara ya kwanza nilikuomba bamba la chuma na muda wa kufanya kazi. Ukaniambia machungwa yanaoza, paka rangi liende. Nikapaka, kwa sababu niliogopa utampelekea kazi fundi mwingine. Kijana huyu hapa, muone. Leo sipaki."

Bwana Seif alipitisha kidole juu ya ule mstari, kikatoka na mafuta. Akakitazama. Akaniuliza bila kuniangalia usoni, "Shangazi yako ni Mwanaidi yule mchumaji?"

"Ndiye."

"Amenichumia tangu enzi za marehemu baba." Akakaa juu ya tairi kuukuu na kanzu yake nyeupe. "Basi machungwa yaoze. Fanyeni."

Kibwana akachukua keekee, akatoboa tundu mwisho wa kila ufa. Nikapiga kelele, "Chuma kimeshapasuka nawe unakitoboa tena?" Akanicheka kidogo. "Ufa una ncha kama sindano, ndiyo inayokata njia. Ukikuta tundu la duara, ncha inakufa. Usipoutobolea mwisho wake, unauchomelea huku nao unatembea." Akauchimba ufa kwa grenda ukawa kama mfereji, ndipo akaujaza weldi, na safari hii hakuisugua iwe laini, aliiacha na matuta yake, nene. Akaongeza mabamba ubavuni, ameyachonga ncha mbili kama jani, maana bamba lililokatwa mraba, alisema, huhamishia mvunjiko ukingoni mwake. Chini akafunga minyororo miwili iliyopishana kutoka kwenye tela mpaka kwenye trekta. Na pale nilipokuwa nakaa nikiimba akachomelea vipande vya nondo, ncha juu. "Hapo sasa atakaa kunguru tu," akasema, nami nikajikuta nacheka. Sikutaka kucheka naye, lakini nilicheka.

Tela likarudi kazini bila rangi, baya kama chungu cha kale. Mhando alinuna, akasema anaaibishwa. Mvua zilipoanza, siku moja shangazi alirudi ametapakaa matope mpaka kwenye kilemba. Walikuwa kwenye mteremko, wanawake wote wako juu, tela likatumbukia shimoni, pini ya kuungia trekta ikakatika. "Likataka kutuacha," akasema, "minyororo ikalishika. Mkono ulilia lakini haukukatika. Tumeteremka kwa miguu yetu tukimtukana Mhando." Akavua viatu, akaomba maji ya kunawa, nami nikamletea kwa gongo moja, nikayamwaga nusu njiani.

Sasa nakuusia, mwanangu. Seif na Mhando sijawasamehe sawasawa, na Kibwana tulifika kwenye kusalimiana tu. Sikufundishi uongo wa kusema moyo umetakata. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na walisema kweli, ila nami naongeza langu dogo: usiuzibe kabla hujaufuata mpaka mwisho wake. Ukiwa na kazi mkononi, usikifanye kilicho kibovu kipendeze. Ukiliona kosa, liseme kwa mwenye kulirekebisha, siku hiyo hiyo, hata kama ni tajiri, hata kama ni adui yako, hata kama sauti inatetemeka. Kulisema barazani kunakuburudisha wewe tu. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini kilio hicho mara nyingi huwa cha mtu mwingine kabisa, aliyepanda bila kujua.

Mungu akupe jicho la kuuona ufa ungali mwembamba, akupe na ulimi wa kuutaja mbele ya mwenyewe. Akuepushe na mabwana wenye haraka. Akulindie miguu yako yote miwili, na ya wale wanaopanda ulichokitengeneza wakikuamini. Amina.