Kalenda Yangu na Viti vya Balozi

Niliporudi kutoka Gaborone nilikuwa na vitu vitatu ambavyo mtaa wetu wa Buhongwa haukuwa navyo: stashahada ya mipango na usimamizi wa miradi, mashine ya kuchapisha ya rangi, na tabia ya kufika kwa wakati. Hakuna nilichorithi. Nilipakua magunia kwenye ghala la duka kubwa kwa miaka kumi na moja, nikasoma jioni, na cheti nikakitia fremu kabla sijanunua kitanda. Ile nyumba yenye bati la bluu, ukipita barabara ya Shinyanga, ni yangu. Hakuna mjomba aliyechangia hata msumari.

Nyumba ilipokamilika nikamchukua mama yangu kutoka Sengerema aje kuishi nami. Siku hizi kuna daraja, lakini yeye huwaambia watu kwamba nilimvusha Kigongo kwa pantoni, kwa sababu daraja hakuliona. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Mchele aliuchambua kwa vidole, na kokoto zilizomponyoka tulikutana nazo mezani. Nilimwambia nitampeleka hospitali hata kesho yake, alale chumba cha peke yake.

"Peke yangu?" akasema. "Nikakatwe jicho peke yangu kama nimeiba? Nitakatwa na wenzangu."

Wenzake walikuwa wanawake wanne anaosali nao jumuiya, ambao nao walikuwa wakipapasa kuta. Walikuwa wanangoja kliniki ya macho ya halmashauri, inayokuja kwenye mtaa wetu mara moja kwa mwaka. Madaktari hupima watu uwanjani pa ofisi ya mtaa, na wanaohitaji upasuaji huchukuliwa kwa basi siku chache baadaye. Ukiikosa, unangoja mwaka mwingine, na daktari mmoja alikuwa ameshaniambia kwamba jicho la kushoto la mama halikuwa na mwaka wa kungoja.

Basi nikaamua kwamba kliniki hiyo haitatupita. Januari nilimwendea mtendaji wa mtaa, kijana mpole mwenye mihuri mingi, nikamwomba ratiba ya mwaka mzima.

"Ratiba ipo, kaka," akasema, akapekua droo. "Ila ni ya mwongozo tu."

"Mwongozo ndio unaofuatwa."

"Sawa, kaka. Wewe umesoma."

Nilikesha nayo siku mbili. Usafi wa mazingira niliupa kijani, chanjo njano, mikutano ya wananchi bluu, bonanza la michezo rangi ya chungwa, upandaji miti kijani iliyokolea, na kliniki ya macho, Alhamisi moja ya Agosti, nikaipa nyekundu. Nilichapisha nakala mbili, nikazitia plastiki. Moja niliibandika kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, nyingine sebuleni kwangu. Watu walikuja kuitazama. Mzee mmoja aliniuliza kama ninagombea udiwani. Nasema bila kujisifu kwamba katika kata nzima hapakuwa na kazi safi kama ile, na sijaona inayoifikia mpaka leo.

Jumamosi ya kwanza ya usafi nilitokea saa moja kamili na glavu, reki na buti za mpira. Nilizibua mtaro peke yangu hadi saa tatu. Ndipo akapita balozi wetu wa nyumba kumi, mama wa makamo anayeuza uji karibu na ofisi, akiwa amevaa khanga za msibani.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia. "Mbona watu hawaji kwenye usafi?"

"Marahaba, Bwana Botswana. Usafi gani na kuna msiba pale kwa fundi baiskeli? Umesogezwa wiki ijayo."

"Nani ameusogeza? Sikuona tangazo."

"Hukuona viti vinatoka kwangu jana jioni?"

Viti hivyo ni vya plastiki, vyeupe na bluu, vinakaribia mia, na mtaa mzima hauna vingine. Vilinunuliwa na kikundi cha wanawake na hulala stoo kwa balozi. Msiba huchukua viti, harusi huchukua viti, kipaimara huchukua viti, na halmashauri, ambayo huja na vipaza sauti, turubai na mgeni rasmi, haijawahi kuja na kiti. Nilidhani ananitania. Nikarudi kumalizia mtaro wangu, na niliumaliza vizuri.

Miti ya Machi ilipandwa Julai, kwa sababu mgeni rasmi alipatikana Julai. Tuliipanda kwenye ardhi ngumu kama sakafu, tukapiga picha, na mbuzi wakashukuru. Chanjo ya watoto ilikuja siku ambayo kwenye kalenda yangu ilikuwa nyeupe kabisa. Mkutano wa wananchi ulivunjika mara mbili kwa akidi kutotimia, wa tatu ukafana mno, kwa kuwa ulifanyika mara tu baada ya harusi, viti vikiwa bado uwanjani na watu bado wamevikalia. Kila mara nilikwenda ubaoni na kalamu ya wino mzito kurekebisha, kisha nikarekebisha na ile ya sebuleni. Kufikia mwisho wa Julai ile kazi safi ilikuwa imechorwachorwa kama daftari la darasa la kwanza, isipokuwa ile Alhamisi nyekundu. Hiyo niliilinda. Mtendaji alinithibitishia kwa mdomo na kwa muhuri.

"Zamu ya macho imefika?" mama alikuwa ananiuliza kila tukimaliza kunywa chai.

"Bado, mama. Ipo kwenye kalenda."

"Na balozi anasemaje?"

"Balozi anauza uji, mama."

Wiki ya kliniki ilipoingia, mama akataka kwanza kwenda Sengerema kuaga. Hakuamini kwamba mtu anaweza kukatwa jicho akabaki yuleyule, kwa hiyo alitaka dada yake amshike uso akiwa bado na macho aliyozaliwa nayo. Nilipiga hesabu kitaalamu: kwenda Jumatatu, kurudi Jumatano, kupumzika, Alhamisi kliniki. Kule kwa mama mdogo simu haishiki mtandao mpaka upande kichuguu, na sikuona sababu ya kupanda kichuguu.

Jumatano alasiri tuliteremka mbele ya ofisi ya mtaa. Nyasi za uwanja zilikuwa zimelala. Palikuwa na vipande vya pamba, maboksi matupu ya dawa ya matone, na ubao wa herufi kubwa na ndogo umeegeshwa mtini. Mtendaji alikuwa anafagia.

"Kliniki ilikuwa jana, kaka. Gari la matangazo lilipita mara tatu."

"Kalenda inasema Alhamisi."

"Kalenda ni ya kwako, kaka."

"Muhuri ni wa kwako!"

Aliinama akaokota pamba. Mama alikuwa amesimama akishika mkono wangu, uso ameuelekeza kwenye ule ubao asiouona.

"Wenzangu wamepimwa?" akauliza.

"Wote wanne, bibi. Basi lao ni kesho asubuhi."

Mama hakunilaumu. Angenilaumu ningekuwa na la kujibu, maana kujibu ninajua. Alisema tu, "Basi nipeleke nikakae," na mkono wake ukawa mzito kwenye wangu. Nilimwongoza taratibu. Kwa mara ya kwanza tangu nirudi sikutamani mtu yeyote anione.

Balozi alituona. Alikuwa anapanga viti nje ya stoo, anavihesabu kwa kuvigonga na mwiko wa uji.

"Bwana Botswana! Umerudi na simu yako? Nimepiga tangu Jumatatu, yule dada ananiambia hupatikani."

"Kwa nini waliisogeza, mama?"

"Kesho kuna kipaimara. Viti viliwekewa oda miezi mitatu nyuma. Madaktari watapima watu wamechuchumaa? Nikawaambia halmashauri, Jumanne au mtafute viti vyenu."

"Wewe ndiye uliyewaambia?"

"Na nani mwingine? Viti ni vyao?" Kisha akamgeukia mama, na sauti ikashuka. "Dada yangu, ule mkongojo wako wa zamani, uliouacha kwangu ile siku ya uji?"

"Ndiyo."

"Niliukalisha kwenye kiti cha tano, nyuma ya wenzako. Mstari ukisogea, nausogeza. Ulipofika kwa daktari akauliza, huyu mgonjwa ni fimbo? Nikamwambia mwenyewe ameenda kuaga kwa dada yake, mtoto wa jicho anao, kila mtu hapa anajua, hata kuku zangu anawasalimia shikamoo."

Mama akacheka mpaka akanishika bega. Daktari naye alikuwa amecheka, kisha akaandika jina la mama: aende na basi, atapimwa hukohuko kabla ya upasuaji.

Kwetu fimbo, jiwe au kandambili kwenye foleni ni mtu, na hakuna anayethubutu kuiruka. Nililijua hilo tangu utotoni, kwenye foleni ya kisima. Katika kozi yangu hawakulifundisha, na mimi nikadhani limefutwa.

Alhamisi, siku niliyoipaka nyekundu, mama alipanda basi na wenzake wanne, wameshikana mikono kama watoto wa chekechea. Kwa hiyo siwezi kusema kalenda ilikosea kabisa, na nimemweleza mtendaji hivyo.

Walirudi na viraka, jicho la kushoto kwanza, wakasengenyana kibarazani kwangu siku nzima. Kiraka kilipotolewa, mama alinitazama kwa muda mrefu. "Umenenepa," akasema. Akaingia sebuleni, akaikuta kalenda ukutani, akaisogelea. Alisoma elimu ya watu wazima zamani na hajaisahau. "Nani kachafua karatasi nzuri hivi?"

Mwaka huu sijachapisha kalenda. Balozi ameniomba nimsaidie kuviwekea viti namba, maana vinne havikurudi kutoka harusi moja, na alihitaji mtu mwenye mwandiko. Nimekubali, mwandiko wangu unajulikana. Nimenunua rangi ya mafuta na brashi nyembamba, na mtu yeyote anayetaka kujua halmashauri inakuja lini sasa ananiuliza mimi.

Jana nilikuwa nimefika kiti cha thelathini na saba. Mama alikuwa amekaa kwenye cha kumi na tano, ungo mapajani, anachambua mchele. Aliinua kichwa, akafumba jicho moja, lile ambalo bado linangoja zamu yake.

"Saba yako imepinda, baba," akasema. "Ifute uanze upya."