Mashua Iliyozamishwa Kusudi

Ninyi mtakaosoma barua hii, mtanisamehe herufi zangu. Nilianza kuandika chuoni kwa mwalimu wa Kurani, kutoka kulia. Halafu nikapelekwa shule ya serikali Usumbura, na Wadachi wakanigeuza niandike kutoka kushoto, na mpaka leo mkono wangu unasitasita katikati. Maneno mengine nimeyaandika kama ninavyoyasikia hapa Rumonge, sijui kama ndivyo yanavyoandikwa kwenu. Naandika polepole. Kusema mbele za watu siwezi kabisa, na kuna jambo la nyumbani kwetu ambalo sijalielewa.

Baba yangu ni fundi wa mitumbwi. Kiwanja chake kiko ufukweni, alikianzisha kabla sijazaliwa, kwa shoka na tezo tu. Yeye hupanda milima ya Bugarama kuchagua mti, akauangusha, akauchonga nusu huko huko, na vijana wakauteremsha kwa kamba na nyimbo mpaka ziwani. Kazi ya mwisho hampi mtu. Hugonga ubavu wa mtumbwi kwa vifundo vya vidole, husikiliza, huchonga kidogo, hugonga tena. Akisema basi, ni basi. Sijasikia mtumbwi wake uliovuja.

Kisha watu wakaanza kutaka vyombo vikubwa. Boma la Usumbura linakula mchele, chumvi na mawese, na hakuna mti unaotoa mtumbwi wa kubeba mizigo hiyo yote. Mfanyabiashara mmoja wa chumvi akamwambia baba, "Fundi, nitengenezee mashua ya mbao kama za Ujiji. Ikiwa nzuri, ndugu zangu nao watakuja kwako. Kama huwezi, sema, niende Ujiji."

Baba akasema anaweza.

Jioni mama akamwambia, "Umeuza kitu usichokijua."

"Nitamtafuta anayekijua."

Akamleta fundi kutoka Ujiji, mtu mdogo kwake kwa umri, mwenye maneno mengi. Huyo alimwita baba "mzee". Ilikuwa heshima, lakini baba hakuipenda, maana pale kiwanjani alizoea kuitwa fundi. Tangu siku hiyo mtu akiita "Fundi!" vichwa viwili vinageuka.

Miti ya kupasulia mbao baba aliichagua mwenyewe, na mgeni aliisifu. Baada ya hapo sikuona tena kazi ya baba. Mkuku wa chini, mataruma ya mbavuni, misumari, vyote vilikuwa vya mgeni. Mimi nilisokota pamba, nikaichovya kwenye mawese na kuishindilia kati ya mbao. Baba alizunguka akigonga mbao kwa vidole, akiinamisha sikio.

"Mzee, unatafuta nani humo ndani?" mgeni akauliza. "Ubao hauitiki."

Vijana wakacheka. Baba naye akacheka kidogo, kisha akaendelea kugonga.

Mashua ilipokwisha, mgeni alikwenda Ujiji kuleta tanga na kamba. Akasema akirudi tutaishusha majini. Lakini mwenye chumvi akafika kabla yake, akaitazama mashua, akauliza inangoja nini. Baba akajibu kwamba hakuna inachongoja. Tukasoma Fatiha, tukaimba ule wimbo wa kushusha mitumbwi, tukaisukuma.

Maji yaliingia kila mahali. Hayakutoka kwenye ufa mmoja, yalitoka kwenye kila kiungo, taratibu, kama jasho.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akiosha vyungu akaita, "Yemwe, Fundi! Hiyo iko mashua ao iko kapu?"

Mwenye chumvi hakucheka. Akasema, "Nitangoja huyo wa Ujiji arudi. Akishindwa, nitakwenda kutengenezewa Ujiji." Nikajua kwamba akiondoka, ndugu zake hawatakuja, na kutoka Kizuka mpaka Nyanza watu watasema baba amekwisha.

Mtumbwi ukiingiza maji, sisi huutoa, huuweka kivulini, huufunika kwa makuti ya mchikichi na kuungoja ukauke ili ufa uonekane. Baba akafanya hivyo. Asubuhi tukaishusha mashua tena, ikavuja zaidi. Tukaitoa. Safari hii akasema kivuli hakitoshi, tuiache juani. Ikakauka mpaka ukaweza kupitisha ukucha kati ya mbao. Baba hakuwa akila vizuri. Kila nilipomtazama, alikuwa akivitazama vifundo vya vidole vyake.

Mgeni alirudi na tanga begani, akaikuta mashua imelala mchangani. Akashika kiuno.

"Mzee! Umeianika kama ndagala!"

"Inavuja," baba akasema.

"Itaachaje kuvuja na wewe unaikausha? Mbao zina kiu. Zikinywa zinavimba, zikivimba zinabanana na pamba. Ijazeni mawe, muizamishe."

Hakuna aliyesogea. Vijana walimtazama baba, kwa sababu yeye ndiye aliyewaajiri, na hawajawahi kusikia amri kama hiyo. Mwenye chumvi alikuwa amesimama hapo, mikono nyuma.

"Maisha yangu yote natengeneza vyombo ili visizame," baba akasema. Alisema kwa sauti ndogo, sijui alikuwa akimwambia nani.

Kisha akainama, akachukua jiwe, akaliweka ndani ya mashua. Tukaja na mengine. Tukaisukuma hadi maji ya kifua, ikashuka, ikabaki ncha ya mbele tu.

"Sasa Fundi anawajengea samaki!" yule mwanamke akaita.

Siku ya tatu, tulipoitoa mawe na kuyakomba maji, ilikaa kavu. Mwenye chumvi aliingia ndani, akapapasa chini, akatazama kiganja chake. Akasema ndugu zake watakuja. Akauliza, "Nimpe nani mkono?" Baba akamwonyesha mgeni. Mgeni akamwonyesha baba. Mwenye chumvi akawapa wote wawili, akaenda zake.

Hapo ndipo nilipopotea. Mashua nyingine sasa inajengwa. Baba bado anazigonga mbao, na mgeni husimamisha nyundo mpaka amalize. Sijui ni heshima au ni huruma. Baba ameniambia nijifunze kwa mgeni. Nilipomwendea mgeni, akaniambia, "Kwanza panda mlimani na baba yako, ukajue miti. Mimi miti siijui." Nikimwuliza mama, anasema nile chakula.

Kama kwenu kuna kiwanja kilichomzidi mwenyewe, niandikieni mtoto wake alifanya nini, na kama baba yake aliendelea kuitwa fundi. Mpeni barua nahodha yeyote ajaye Rumonge. Aulize penye mashua, ataonyeshwa. Asiulize ni pa nani, maana hapo kila mtu atamjibu lake.